Maisha ya Askofu Edward Steere na Lugha ya Sala Zetu



Katika kanisa la kijiji mambo mengi huenda kwa desturi. Kengele hupigwa, ama kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Wazee huketi upande wao na kina mama upande wao, na watoto hukaa mbele karibu na altare ili wasipate nafasi ya kucheza. Kama padre amekwenda kuhudumia kijiji kingine, mwalimu wa dini husimama na kitabu cha sala mkononi, na watu wote humjibu bila kutazama kitabu, kwa kuwa maneno wameyashika tangu utoto. Ni nadra mtu kuuliza maneno hayo yalitoka wapi. Ni kama maji ya ndiva katika milima yetu ya Upare: mwenye shamba la chini huyapokea mferejini, wala hamkumbuki aliyejenga ndiva kule juu.

Mwezi huu tumeonelea vema kuandika habari za mtu mmoja aliyejenga ndiva hiyo ya maneno, yeye pamoja na wenziwe. Huyo ni Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misioni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, yaani U.M.C.A. Jina lake si geni kwa walimu wa rika letu, kwa kuwa katika chuo cha ualimu hapakosekani somo la historia ya Kiswahili lisilomtaja. Lakini vijana wetu, kama wamemsikia, humjua tu kama Mzungu aliyejenga Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Kabla hajawa askofu alikuwa padre wa kijiji, na alipokuwa askofu aliendelea kufikiri kama padre wa kijiji. Ndiyo maana maisha yake yana funzo kwa parishi ndogo kama zetu, ambazo Waanglikana ni wachache kati ya ndugu Walutheri, Waadventista na Waislamu.

Mwanasheria aliyekwenda kijijini

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye kijana akafuata njia hiyohiyo. Alisoma katika University College ya London, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, na mwaka huohuo akakubaliwa kuwa wakili. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Mtu angedhani kwamba maisha yake yamekwisha pangwa: ofisi, kesi na fedha.

Lakini kazi ile haikumshika moyo. Aliungana na vijana wengine Wakristo waliotaka kuwahudumia maskini, akajifunza pia kazi ya kupiga chapa, jambo ambalo baadaye lilikuja kuwa na faida kubwa kuliko sheria yote aliyosoma. Mwaka 1856 alipewa ushemasi, akawa msaidizi wa padre katika kijiji cha Kingskerswell, upande wa kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1858 akapewa ukasisi na kuhamia Skegness, mahali pa wavuvi kwenye pwani ya mashariki. Wavuvi wale walimpenda kwa kuwa hakuogopa kukunja mikono ya shati na kushika kazi, na kwa kuwa mahubiri yake yalieleweka. Baadaye akapewa parishi ya Little Steeping, kijiji kidogo cha wakulima katika mkoa wa Lincolnshire.

Tusipite haraka hapo. Huko ndiko Steere alikojifunza kwamba parishi si jengo. Mtu aliyesoma sana, akipelekwa kwa wakulima, hana budi kuchagua moja kati ya mawili: ama aseme maneno makubwa na watu wasinzie, ama ajifunze kusema kama wao. Steere alichagua kujifunza. Na alichojifunza kwa wakulima na wavuvi wa kwao ndicho alichokuja kukitumia kwetu.

Kutoka Zambezi hadi Unguja

Misioni ya U.M.C.A. ilizaliwa kutokana na wito wa Dakta Livingstone, aliyehutubia huko Cambridge mwaka 1857 na kuwaomba wanachuo wasiisahau Afrika. Msafara wa kwanza ulifika nchi ya mto Shire, katika Malawi ya leo, ukapata mateso mengi. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki Januari 1862 kwa homa. Badala yake akachaguliwa William Tozer, ambaye alikuwa padre wa parishi jirani na ya Steere, na tena rafiki yake. Steere hakukubali rafiki yake aende peke yake. Mwaka 1863 alimwacha mkewe Uingereza, akafuatana na Tozer.

Walijaribu kwanza kukaa Zambezi, kwenye mlima Morambala, lakini mahali pale palikuwa pa homa na upweke, na watu walikuwa wachache. Ndipo Tozer akaamua waanze upya Unguja, walikofika mwishoni mwa Agosti 1864. Wako waliomlaumu kwamba amekimbia. Lakini Unguja ndiko njia zote za bara zilikokutana, ndiko Kiswahili kilikosemwa na wenyewe, na ndiko watumwa walikouzwa.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Seyyid Majid aliwatoa kwa misioni. Hawakuwa na baba wala mama pale, na kila mmoja alitoka kwao na lugha yake. Watoto hao watano ndio waliokuwa parishi ya kwanza ya Steere katika Afrika ya Mashariki. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi na Steere mwenyewe mwaka 1879, akawa shemasi Mwafrika wa kwanza wa misioni ile. Miaka 11 baadaye, mwaka 1890, Cecil Majaliwa, naye aliyekuwa mtumwa utotoni, akawa kasisi Mwafrika wa kwanza wa U.M.C.A.

Mwanafunzi wa Kiswahili

Steere alifika Unguja bila kujua Kiswahili cha kutosha hata kuomba maji. Alikuwa na maandishi ya Ludwig Krapf, mmisionari wa C.M.S. aliyeanza kazi Mombasa mwaka 1844, lakini aliona kuwa Kiswahili cha Unguja kina tofauti na kile cha Mombasa. Basi akafanya kama afanyavyo mtoto wa darasa la kwanza: akasikiliza. Aliketi na wenyeji, akaandika maneno, akauliza maana, akarudia mpaka asahihishwe. Watoto wa shule walikuwa wanafunzi wake, na papo hapo walikuwa walimu wake.

Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua kwamba hilo si jambo jepesi. Mtu mzima mwenye shahada ya udaktari kukubali kusahihishwa na mtoto aliyetolewa jahazini, tena kila siku, ni unyenyekevu wa kweli. Mwalimu asiyekubali kufundishwa na wanafunzi wake hujua kitabu, lakini hajui darasa.

Matunda yake yalionekana upesi. Mwaka 1870 vilitoka vitabu vyake viwili vikubwa. Kimoja kilikuwa cha sarufi na maneno, ambacho kiliwasaidia wageni kwa miaka mingi kuelewa jinsi majina ya Kiswahili yanavyogawanyika katika ngeli na jinsi viambishi vinavyofuatana. Cha pili kilikuwa mkusanyo wa hadithi za Unguja, alizoziandika kama zilivyosimuliwa, zikiwamo habari za Liongo na hadithi za sungura. Wengine walishangaa padre kupoteza wakati na hadithi za sungura. Steere aliona vinginevyo. Alijua kwamba lugha ya watu haikai katika kamusi, inakaa katika vinywa vya wasimuliaji, na ya kuwa asiyejua watu wanavyocheka hatajua wanavyosali. Wala hakujifanya kuwa ameyapata yote kwa akili yake. Aliwataja baadhi ya wenyeji waliomsimulia na kumsaidia.

Kisha ikaja kazi iliyokuwa mzigo wa moyo wake: kutafsiri Maandiko Matakatifu na Kitabu cha Sala. Alianza na sehemu ndogo ndogo, akizichapa kwenye mtambo wa misioni hapo hapo Unguja, na vijana wa shule wakapanga herufi kwa mikono yao. Hapo ujuzi wake wa ujanani wa kupiga chapa ulipata kazi. Fikirini, wapenzi: kijana aliyeuzwa kama mbuzi, sasa amesimama mbele ya kisanduku cha herufi, anapanga neno moja moja la Injili katika lugha ambayo yeye mwenyewe anaielewa.

Katika kutafsiri, Steere alikuwa na kanuni ambayo kila mwalimu wa dini angefaa kuishika. Palipokuwa na neno ambalo watu wanalo tayari, alilitumia hilo, hata kama lilitoka Kiarabu na kutumika na Waislamu. Ndiyo maana hata leo twasema sala, imani, dhambi, neema na malaika, na jirani yetu Mwislamu hutusikia na kutuelewa. Hakutaka Ukristo uingie nyumbani mwa watu kama mgeni anayekuja na mkalimani.

Hakuishi kuiona Biblia nzima ikikamilika. Wenzake waliiendeleza, hasa Padre Francis Hodgson, hata ikapatikana nzima katika Kiswahili cha Unguja katika miaka ya 1890. Baadaye, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa nchi za Afrika ya Mashariki. Biblia ya Union Version, iliyounganisha kazi ya Unguja na ya Mombasa, ilitoka Agano Jipya mwaka 1950 na yote mwaka 1952. Kwa hiyo Mluteri wa Gonja, Mwanglikana wa Same na Mmoraviani wa Tabora wamesoma Kitabu kimoja kwa maneno mamoja. Umoja huo una mizizi mingi, na mmoja ni ile meza ya Steere.

Hapa Upare nasi tuna ushuhuda wetu. Wamisionari wa makanisa mengine waliofika milimani mwetu mwanzoni mwa karne ya 20 walilazimika kupitia mlango huohuo. Ernst Kotz, Mwadventista Mjerumani, alitoa kitabu cha sarufi ya Chasu mwaka 1909, kwa kuwa aliona hawezi kuhubiri kwa watu asiojua lugha ya mama zao. Ye yote aliyetaka kujenga kanisa la kweli kati ya watu alianza kwa kunyamaza na kusikiliza.

Kanisa juu ya soko la watumwa

Steere alirudi Uingereza mwaka 1868 kupumzika na kushughulikia vitabu vyake. Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikavunja nyumba na kung'oa mikarafuu, na mali ya misioni ikaharibika. Tozer alikuwa mgonjwa. Steere akarudi kuiokoa kazi, wakati ambao wengine walidhani imekwisha. Tozer alipojiuzulu, Steere akateuliwa kuwa askofu, akawekwa wakfu huko Westminster Abbey tarehe 24 Agosti 1874.

Kabla ya hapo, mwezi Juni 1873, Sultani Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Jambo hili si la mbali na sisi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara kutoka Pangani ilipita katika tambarare chini ya milima hii, ikifuata bonde la mto Pangani, ambao wengi wetu twauita Ruvu, mpaka Kilimanjaro. Ilitafuta pembe, na ilitafuta watu. Vita vya watawala vilitoa mateka, na mateka waliuzwa. Watu wa Upare ni miongoni mwa waliopotea katika njia ile. Wengine waliishia mashamba ya pwani, wengine walivushwa maji. Kwa hiyo tunaposikia habari za Mkunazini tusidhani ni historia ya watu wengine. Huenda bibi wa bibi yetu aliwahi kusimama pale juani akikaguliwa meno.

Kiwanja cha soko kikanunuliwa na mmisionari mmoja, Padre Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa na tajiri mmoja wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Steere hakusimamia kazi kutoka kitini. Alikuwa pale jengoni kila siku alipokuwa Unguja, akipima, akielekeza mafundi, akichanganya hesabu za chokaa na saruji. Paa lake lilikuwa ajabu ya wakati ule: kuba refu la mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, bila boriti za mbao. Wengi walitabiri kwamba litaanguka. Halikuanguka. Krismasi ya 1879 kanisa lilifunguliwa kwa ibada. Seyyid Barghash, ambaye alikuwa Mwislamu, akatoa saa ya mnarani.

Husimuliwa pia kwamba askofu alipokuwa safarini, mafundi waliziweka baadhi ya nguzo ndogo juu chini, na aliporudi akaziacha hivyo. Wageni huonyeshwa nguzo hizo hata leo. Waumini wa Unguja huzionyesha kwa kicheko cha upole, na sisi twaona ni jambo la kupendeza, maana kila kanisa la kijiji lina nguzo yake iliyowekwa juu chini na fundi ambaye hakuwahi kuona nguzo ya namna hiyo, lakini alijenga kwa moyo.

Tusisahau wakati huohuo kwamba kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa. Biashara iliendelea kwa siri na kwa njia za nchi kavu. Utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria Unguja mpaka mwaka 1897, na Tanganyika mpaka 1922. Kanisa lilijengwa juu ya soko, lakini kazi ya kuwafanya watu wawe huru ilikuwa bado mbele.

Parishi za vijiji

Na hapo ndipo tunapoona kwamba Steere alibaki padre wa Little Steeping. Alikuwa na kanisa kuu la mawe, lakini fikra zake zilikuwa vijijini.

Nje kidogo ya mji wa Unguja, Mbweni, misioni ilikuwa imenunua shamba mwaka 1871. Hapo waliwekwa watu walioachwa huru, kila nyumba na kiwanja chake cha kulima. Ilijengwa shule, ambako tangu mwaka 1877 Bibi Caroline Thackeray alifundisha wasichana, na kanisa la Mtakatifu Yohana. Mbweni wakatoka walimu, mafundi na wake wa walimu waliokwenda bara.

Mwaka 1875 Steere alikwenda kwa miguu mpaka kwa Mataka, mtawala wa Wayao huko Mwembe, kutafuta njia ya kuwarudisha watu kwao. Mwishoni mwa 1876 akaongoza yeye mwenyewe kundi la watu walioachwa huru kutoka Unguja kuelekea nchi zao za kusini. Walipofika Masasi waliona nchi nzuri yenye maji, nao walikuwa wamechoka. Wakaomba wakae hapo. Askofu alikuwa amekusudia waende mbele. Lakini alikubali, na kijiji kikaanzishwa. Twaona jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Watu ambao maisha yao yote walikuwa wakipelekwa na kuwekwa, safari hii walisema wanataka kukaa wapi, na mwenye amri akawasikia. Kutoka kijiji kile likakua Kanisa la Masasi.

Upande wetu wa kaskazini, Magila katika nchi ya Bonde palikuwa pamejaribiwa tangu mwaka 1868, kisha pakalegea. Mwaka 1875 Padre John Farler alipelekwa huko katika uaskofu wa Steere, na kazi ikashika mizizi. Magila, ambayo huitwa pia Msalabani, ikawa mama wa parishi nyingi za Bonde na Usambara. Shule, zahanati na walimu wa vijiji vilienea kutoka hapo, na wengine kati yetu tuliopanda reli ya Tanga na kufanya makazi Same tulilelewa katika mafundisho ya Magila.

Katika mahali hapo pote Steere alishika jambo moja: Kanisa la Afrika lisiwe nakala ya Uingereza. Hakutaka watoto wa shule wageuzwe kuwa Waingereza weusi kwa mavazi na chakula. Alitaka wawepo makasisi Waafrika, wakiongoza watu wao kwa lugha yao, na wamisionari wageni wapungue kadiri wenyeji wanavyoongezeka.

Hatusemi kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mtu wa zama zake. Watoto waliokombolewa walipewa majina ya kigeni, na majina ya mama zao yakapotea. Walioachwa huru walikabidhiwa kwa misioni na manowari za Kiingereza, na mara nyingi hawakuulizwa wanataka kwenda wapi. Wamisionari wale walisafiri katika kivuli cha dola ambayo baadaye ilikuja kututawala. Haya lazima yasemwe pia, maana historia ya Kanisa si wimbo wa sifa tu. Lakini kati ya wengi waliokuja kutusemesha, Steere alikuwa miongoni mwa wachache waliokaa kwanza na kutusikiliza, na hilo halifutiki.

Mwisho wa safari yake

Mwaka 1882 Steere alikuwa Uingereza, mgonjwa na aliyechoka. Marafiki waliona nguvu zake zimekwisha. Hata hivyo alirudi Unguja mwezi Agosti. Hakukaa siku nyingi. Mwishoni mwa mwezi huohuo alifariki usingizini, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa katika kanisa alilolijenga, nyuma ya altare, mahali ambapo miaka tisa tu kabla yake watu walikuwa wakiuzwa. Mwezi uliofuata, Masasi ikavamiwa na wapiganaji wa Kingoni, nyumba zikachomwa na watu wakachukuliwa mateka. Yeye hakuiona habari hiyo. Lakini Masasi haikufa, kwa kuwa kilichopandwa hakikuwa nyumba.

Tujifunze nini?

Katika parishi zetu za milimani na za tambarare, tunapotaja maendeleo ya kanisa mara nyingi twataja bati, saruji na madirisha. Ni mambo mema. Steere naye alipenda saruji! Lakini alianza na maneno. Miaka tisa kabla ya kuweka jiwe la msingi Mkunazini alikuwa tayari anajenga kanisa katika masikio ya watu. Kanisa ambalo bibi kizee wa kijijini halielewi, hata likiwa na vigae sakafuni, bado halijajengwa. Tuwaangalie basi vijana wanaotaka ibada iwe na maneno ya Kiingereza ili ionekane ya kisasa, na tuwaangalie pia wahubiri wanaopenda maneno magumu. Tuwaulize kwa upole: aliyeketi nyuma amesikia nini?

La pili ni hili. Jina la Steere limeandikwa katika vitabu. Majina ya wengi waliomfundisha Kiswahili, waliobeba mawe ya Mkunazini, waliotwika mizigo mpaka Masasi, hayakuandikwa. Hali ni hiyohiyo kwetu. Twajua padre gani alibariki kanisa letu, maana jina lake limechorwa ukutani. Lakini ni nani aliyetoa kiwanja? Ni nani waliokwenda msaragambo kubeba mawe kutoka mtoni, na kina mama gani waliopika makande ya watu wote siku hizo? Ni nani aliyekuwa mwalimu wa dini wa kwanza, asiye na mshahara, aliyefundisha chini ya mti? Mtoto wa kwanza kubatizwa ni nani, na yu wapi?

Wazee wanaojua majibu hawako wengi, na vitabu vya ubatizo vya zamani vinaliwa na mchwa makabatini. Twashauri kila parishi ichague kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri na mzee mmoja mwenye kumbukumbu, waketi pamoja jioni chache, na daftari moja. Kijana asikilize kwanza, aandike baadaye. Kama mzee atasema Chasu, aandike Chasu, kama atasema Kibondei, aandike Kibondei, Kiswahili kitafuata. Daftari hilo liwekwe katika sanduku la bati pamoja na vitabu vya parishi, na nakala yake ipelekwe kwa padre.

Bwana azipumzishe kwa amani roho za wote waliotutangulia, wenye majina na wasio na majina. Amina.